"Kito kilichofichika" kimeuzwa kwa watu wangapi?

Swali limetoka kwa msomaji wa Lamu:

"Shikamoo mwalimu. Nina nyumba ya wageni ya vyumba vitano hapa Langoni. Mwezi uliopita nilinunua mtandaoni furushi la makala 30 za utalii wa pwani. Zimeandikwa kwa Kiingereza, na muuzaji anasema naruhusiwa kuzibadilisha na kuweka jina langu. Nimezipitisha kwenye programu ya kutafsiri, kisha nikabadilisha maneno hapa na pale. Nataka niziweke kwenye tovuti ya nyumba, na nyingine niwatumie wageni kwa WhatsApp kabla hawajafika. Lakini nikizisoma nahisi si mimi ninayesema. Dada yangu amesoma moja akacheka. Nifanye nini zifanane na mimi? Na je, ni haki kuweka jina langu chini yake?"

Marahaba, dada. Huyo dadako aliyecheka ndiye mhariri wako wa kwanza, tena hakutozi hata shilingi. Muulize alicheka alipofika sentensi ipi. Mtu wa Amu (ndivyo wenyewe mnavyoiita Lamu) akisoma habari za Amu akacheka mahali pasipo na mzaha, hapo ndipo palipoharibika.

Zile mbili ulizoniambatishia nimezisoma, ya kufika Lamu na ya nyumba za kale. Nitazitumia hizo hizo. Ila kabla ya lugha, tuanze na masharti.

Ulichonunua ni ruhusa ya kutumia makala, na ruhusa hiyo hiyo wameuziwa wengine usiowajua. Furushi la namna hii huja na masharti yake, mara nyingi ndani ya faili dogo ambalo mnunuzi halifungui. Lifungue leo. Angalia kama unaruhusiwa kubadilisha, kuweka jina lako, kuchapa kwenye karatasi, na kutafsiri. Hili la kutafsiri watu hulisahau sana. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kutafsiri kazi ya mtu ni katika haki za mwenye kazi, kama ilivyo kuinakili. Muuzaji aliyesema "badilisha upendavyo" huenda alifikiria Kiingereza chake tu. Ikiwa masharti yamenyamaza, mwandikie mstari mmoja umuulize, na jibu lake ulihifadhi. Picha zilizokuja na furushi ziulizie mbali, maana mara nyingi zina mwenyewe mwingine.

Sasa lugha. Makala yako ya kwanza, kama ilivyotoka kwenye programu, inaanza hivi:

"Lamu ni kito kilichofichika cha Afrika Mashariki. Iwe wewe ni mpenzi wa historia au mtafuta jua, kisiwa hiki cha ajabu kitakukaribisha kwa upepo mwanana na tabasamu za wenyeji wakarimu. Chukua teksi kutoka uwanja wa ndege hadi hoteli yako na uanze safari isiyosahaulika."

Dada, teksi! Nami nilicheka. Lakini teksi ni kosa jepesi, maana linaonekana. Kosa zito ni "kito kilichofichika". Umemsikia nani barazani akisema hivyo? Na kimefichwa na nani, ilhali mji huu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001? Maneno hayo ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Wewe uliona hayajakaa sawa, ukaenda ukabadilisha "ajabu" ukaweka "kuvutia", ukatoa "mwanana" ukatia "mzuri". Kubadilisha visawe ni kazi ya kuchosha kuliko zote na haina faida. Sentensi haikuwa na kitu ndani tangu mwanzo, na bado haina.

Hata mitambo ya kutafuta imeshaijua hila hii. Watu hudhani Google ina adhabu kwa kila maandishi yanayofanana. Hapana. Kinachotokea ni kwamba nakala zinazofanana hukusanywa pamoja ikachaguliwa moja ya kuonyeshwa, na ikiwa mwingine ametangulia kuweka tafsiri kama yako, wewe uliyefika wa mwisho na ukurasa mchanga huna sababu ya kuchaguliwa. Zaidi ya hapo, Machi 2024 walitoa kanuni dhidi ya kurasa zinazozalishwa kwa wingi bila kumfaa msomaji. Miongoni mwa hila zilizotajwa ni kubadilisha visawe na kutafsiri kwa mashine maandishi yaliyochotwa kwingine. Wewe hukuchota, ulilipa, lakini ukurasa wako ukitoka unafanana na wa aliyechota, hiyo risiti haionekani.

Kuna kipimo kimoja ninachokitumia, na hakijawahi kunidanganya. Chukua sentensi yoyote, futa "Lamu", andika "Zanzibar". Ikibaki kweli, ifute. Kisha jaribu "Kilwa", jaribu "Mombasa". Upepo mwanana upo kote. Wenyeji wakarimu wapo kote, hata Nakuru wanadai wanao. Katika makala yako ya kwanza nilifanya hivyo, na kati ya maneno kama mia sita nikabakiwa na jina la kisiwa na sentensi mbili. Usivunjike moyo, ndivyo makala za kuuza zinavyotakiwa ziwe. Zimeandikwa na mtu ambaye pengine hajawahi kuvuka Mokowe, gati la bara la kuendea Lamu, ili zimfae mnunuzi yeyote.

Basi ulinunua nini? Ulinunua orodha ya maswali. Hiyo ndiyo mali. Mwandishi yule, hata kama hajui Amu, anajua msafiri huuliza nini kwanza na nini baadaye: nafikaje, nilale wapi, nivae nini, nile nini, pesa napata wapi. Mwenye nyumba hasahau majibu. Husahau maswali, kwa sababu yeye hajawahi kuwa mgeni nyumbani kwake. Kwa hiyo soma makala mara moja, andika pembeni maswali yake matano au sita, kisha ifunge. Ifunge kabisa. Ikibaki wazi mbele yako utaiiga tu.

Kaa dakani jioni, pale kwenye baraza ya mlangoni, washa simu irekodi sauti, na uyajibu maswali hayo kwa mdomo, kana kwamba mama mmoja wa Nairobi amekupigia, anakuja na watoto wawili na hajawahi kupanda mashua. Zungumza dakika kumi. Usijirekebishe. Halafu andika ulichosema. Utashangaa kwamba mdomo wako haukusema "safari isiyosahaulika" hata mara moja. Sisi watu wa pwani tuna ufundi wa kusema ambao tukishika kalamu tunauacha mlangoni, tunavaa Kiswahili cha ofisini.

Nimejaribu kuandika ile ya kufika kwa namna hiyo. Mimi ni wa Malindi, kwa hiyo utanirekebisha:

"Ndege haitui Lamu. Inatua Manda, kisiwa cha ng'ambo, na ukitoka tu utaona gati. Vijana wa mashua watakuita wote kwa pamoja. Kelele zile ni za biashara, si za ugomvi. Patana nauli kabla hujapanda. Maji yakiwa yamepwa, ngazi za gati huwa na utelezi, basi wape watoto mkono na viatu vya kisigino viwe mkobani. Ukija kwa basi, safari ya gari inaishia Mokowe, na hapo pia utavuka kwa mashua. Mjini hakuna gari litakalokungoja. Mzigo utabebwa kwa mkokoteni au kwa punda, na ukisikia kwato nyuma yako kichochoroni, jibanze ukutani umwachie apite. Yeye hakupishi."

Hakuna kivumishi cha sifa hata kimoja hapo, na mgeni amekwisha kuiona Amu. Jaribu kuiweka Zanzibar, haikubali.

Makala ya pili, ya nyumba za kale, ina uharibifu wa aina nyingine. Inasema: "Furahia vyumba vyenye nafasi tele na haiba ya kihistoria." Nafasi tele, katika nyumba ya mawe ya Lamu? Mgeni atakayesoma hivyo atafika, atafungua mlango wa chumba chembamba, atajua umemdanganya. Na hapo ndipo ulipoachia utajiri wako, kwa sababu wembamba ule una sababu yake na wewe unaijua. Dari za nyumba zile zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake: chumba hakiwezi kupanuka kuliko boriti inavyofika, kwenye mita tatu hivi kwenda chini. Fundi akitaka chumba kikubwa, alikirefusha, hakukipanua. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, ndiyo maana adhuhuri ndani kunapoa. Mwambie mgeni hivyo hivyo:

"Chumba cha juu ni kirefu na chembamba. Usidhani fundi alikosea. Ukilala, tazama dari: zile ni boriti za mkoko, na upana wa chumba ni urefu wao. Kitanda tumekiweka kwa mkao huo kwa sababu ukikigeuza hutapita."

Sijaiona nyumba yako, hilo la kitanda nimelibuni kukuonyesha. Wewe weka la kweli. Kama ngazi zako ni za kusimama wima na mzee hawezi kuzipanda, iseme. Kama alfajiri adhana inasikika mpaka chumba cha tatu, iseme pia. Mgeni aliyeambiwa kabla halalamiki. Aliyefichwa ndiye anayeandika nyota mbili.

Nami nisijifanye mjuzi wa tangu zamani. Miaka kadhaa iliyopita hoteli moja huku kwetu ilinipa kazi ya kutengeneza kijitabu cha wageni, na kwa uvivu nikachukua makala ya kununua kuhusu magofu ya Gede, nikaisafisha lugha tu. Ilikuwa na mstari mtamu kwamba ukimaliza kutazama magofu unashuka hatua chache ukaoge baharini. Sikuutilia shaka, nilikuwa nahangaika na viambishi. Kijitabu kikachapwa. Mzee mmoja akanipigia simu: "Mwalimu, nasikia bahari imesogea Gede. Imehamia lini?" Gede imo ndani ya msitu, kilomita kadhaa kutoka ufukweni, nami nimepita pale tangu utoto. Nilijua! Lakini nilikuwa nasoma maneno, sikuwa naiona Gede. Tangu siku hiyo, kila jina la mahali katika makala ya kununua nalipigia mstari, na siendelei mpaka nijiulize kama nimesimama hapo kwa miguu yangu.

Na ziko zile ambazo hazikukosea zilipoandikwa, ila zimechacha. Gede hiyo hiyo iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, na makala za zamani haziwezi kujua. Nauli, saa za kufungua, majina ya mikahawa, vyote huchacha haraka kuliko samaki. Katika yako nimeona pia wameandika kwamba "tamasha la Maulidi hufanyika kila mwaka mwezi Juni". Pengine mwandishi alisoma habari za mwaka mmoja akaona imetosha. Wewe unajua Maulidi ni ya Mfunguo Sita, mwezi wa kalenda ya Kiislamu, na mwezi mwandamo hurudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka wa kalenda ya ukutani. Mgeni akikata tiketi ya Juni kwa kukuamini, atakuta msikiti wa Riyadha, penye Maulidi yenyewe, pametulia, halafu atakuuliza wewe, si muuzaji wa furushi. Usiandike mwezi wa Kizungu kabisa. Andika Mfunguo Sita, na kila mwaka uweke tarehe zake zikishatangazwa.

Jambo la misimu nalo lichunge. Makala za Kiingereza husema "kiangazi" na "baridi" kama tuko Ulaya. Sisi tuna pepo za Kaskazi na Kusi, na mgeni wako anapaswa kujua kwamba Kusi ikichachamaa bahari si ya kumpeleka mtoto mchanga kwa jahazi, na kwamba mvua za masika zina siku ambazo mashua hazina hamu ya kutoka. Mwambie mwezi gani usimshauri aje. Sentensi moja ya kumzuia mgeni inanunua imani kuliko kurasa kumi za kumvuta.

Umeniuliza zifanane nawe, kwa hiyo niseme kuhusu Kiamu, Kiswahili cha Lamu. Kishawishi kitakuwapo cha kuandika makala yote kwa lugha ya nyumbani. Mimi nisingefanya hivyo, maana mgeni wa Kitale au Dodoma atapotea njiani. Lakini usikisafishe chote pia. Acha maneno yenye vitu vyake. Programu yako imetafsiri zidaka kuwa "mashimo ya ukutani". Dada, mtu akisoma mashimo ukutani atafikiria panya! Andika zidaka, kisha useme kwa sentensi moja kilichomo: vyombo vya kauri, taa, msahafu. Daka usiliite "ukumbi wa mbele". Jahazi si dau, na dau si ngalawa. Programu imeviita vyote "boti". Na mahali pamoja, kwa mzaha, mwambie mgeni kwamba akipotea akaelekezwa "shika ndia hii", hakusikia vibaya, ndivyo tunavyoiita njia. Neno kama hilo moja au mawili kwa makala yatosha; yakizidi huwa maonyesho.

Kuhusu "mimi". Katika mafurushi ya namna hii hakukosi makala inayosema "niliogelea na pomboo asubuhi ile, nikalia kwa furaha". Kama hukuogelea, usitie sahihi. Ruhusa ya kubadilisha maandishi haikupi maisha ya mtu mwingine. Hali kadhalika maneno ya wageni: usiseme "wageni wetu husema" mpaka awepo mgeni aliyesema. Unao wa kweli bila shaka, wamekutumia jumbe za shukrani. Waombe ruhusa, nukuu mmoja kwa maneno yake, hata kama ana makosa ya sarufi.

Picha piga mwenyewe kwa simu, hata zikiwa hazikunyooka. Mlango wako wa nakshi saa kumi jioni, sinia ya mahamri na mbaazi unazowapa asubuhi. Watu uwaulize kwanza. Amu wengi hawapendi kupigwa picha, hasa akina mama, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 kuweka sura ya mtu inayotambulika kwenye biashara yako bila idhini yake kunaweza kukuletea kesi, mbali na kukuletea ugomvi wa mtaa.

Sasa hizo 30. Huzihitaji. Chagua sita zinazojibu kile wageni wako wanachokuuliza kila wiki, zifanye kwa namna niliyosema, moja kwa wiki. Kila moja itakuchukua kama saa tatu mwanzoni: nusu saa kusoma na kuandika maswali, dakika kumi za kusema, zilizobaki za kuandika na kuhakiki. Kisha mpe dadako asome kwa sauti mbele yako. Akikwama mahali, ni pa kurekebisha. Akiongeza neno, "lakini hukuwaambia kuhusu...", liandike palepale, hiyo ndiyo aya bora utakayokuwa nayo.

Swali lako la mwisho, la jina. Zamani na hata sasa, mtu wa pwani akiwa na harusi humwendea malenga amtungie. Hakuna aliyeona aibu kwamba shairi halikutoka kifuani mwake. Ila malenga hatungi akiwa hajui. Huuliza: bwana harusi mwana wa nani, bibi harusi wa mtaa gani, mama yake ni nani, kuna utani gani baina ya koo hizi mbili? Ukimpa hayo, wimbo ni wa harusi yako. Usipompa, ni wimbo wa harusi, basi. Kwa hiyo, masharti yakiruhusu, makala uliyoipitisha kwenye mdomo wako na macho yako, ikabaki na mpangilio tu wa yule wa mwanzo, weka jina lako na ulale usingizi. Ile uliyobadilisha visawe usiiweke jina. Afadhali usiiweke popote. Mgeni akikuuliza ana kwa ana kama uliandika mwenyewe, mwambie ukweli kwamba ulianzia kwenye makala ya kununua ukaiandika upya. Hakuna atakayekasirika, wengi watakuomba uwaonyeshe ulivyofanya.

Anza na ile ya kufika, kwa kuwa ndiyo inayosomwa na mtu aliye njiani, na nitumie kabla hujaiweka ili nione umenirekebisha wapi kuhusu gati la Manda. Ile ya nyumba za kale ifuate. Na ile yenye kichwa "Mikahawa Kumi Bora ya Lamu" nimeitazama kwenye orodha uliyonitumia: ifute leo, kabla mwenye mkahawa wa kumi na moja hajaiona, maana huyo ni jirani yako na mtakutana sokoni.